Tafakari ya Juma: Punda Afe, Mzigo Ufike?



Wahenga walisema: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Methali hii husemwa na mwenye mzigo. Punda hajapata kuulizwa maoni yake. Sisi tunaoishi Mwigobero tunaifahamu vizuri, kwa kuwa tu jirani na mwalo. Kila alfajiri twawaona watu waliokesha ziwani wakivuta mitumbwi nchi kavu, na wengine wakipandisha magunia na ndoo za dagaa kuelekea sokoni, migongo imepinda, na tumboni hamna kitu ila chai ya rangi. Mzigo unafika. Habari za punda hazitangazwi.

Tumeichagua methali hii ituongoze juma hili kwa sababu Jumatano ya Majivu inakaribia, na maswali kuhusu kufunga yameanza kutufikia. Swali lililo chini ya maswali yote ni moja: mwili huu tuliopewa na Mungu tuutumie kiasi gani, na tuulishe kiasi gani? Mtakatifu Paulo alipotaka kuwafundisha Wakorintho juu ya kujitawala, aliwapeleka kiwanjani akawaonyesha wakimbiaji (1Kor 9:24-27). Nasi tufuate nyayo zake. Twendeni kwa wakimbiaji wa mbio ndefu tukawaulize wanakula nini.

Wala hatuendi kwa wageni. Suleiman Nyambui, aliyezaliwa Majita, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo, alitwaa medali ya fedha katika mbio za mita 5,000 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Baadaye akashinda marathoni ya Berlin mara mbili mfululizo, mwaka 1987 na mwaka 1988. Na tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa riadha. Alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani aliyemfuata alipewa muda huo huo, maana kilichowatenganisha baada ya kilomita 42 ni sehemu 3 za mia za sekunde moja. Mahali ambapo kope likipepesa ushindi umekwenda kwa mwingine, hakuna mwanariadha anayethubutu kuuchezea mwili wake.

Sasa tuhesabu kidogo, kwa maana hesabu nayo ni karama ya Mungu. Wataalamu wa lishe hupima nishati ya chakula kwa kilokalori. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kilokalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Kwa upande wa matumizi, anayekimbia hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Basi mkimbiaji mwembamba wa kilo 58, akikimbia marathoni ya kilomita 42 na mita 195, hutumia karibu kilokalori 2,400 ndani ya saa mbili na kitu. Hiyo ni kwa mbio peke yake. Bado moyo kupiga, ubongo kufikiri na mwili kujipa joto.

Nishati hiyo hutoka wapi? Mwili una ghala mbili. Ghala ya mafuta ni kubwa, hata kwa mtu aliyekonda, lakini mlango wake ni mwembamba: mafuta hutoka polepole. Ghala ya wanga, ambao wataalamu huuita glaikojeni, imo katika misuli na ini. Mlango wake ni mpana, ila ghala yenyewe ni ndogo, maana kwa kawaida hubeba kama kilokalori 2,000 tu. Mwenye kukimbia kwa kasi hufungua zaidi hiyo ndogo. Ndiyo sababu wengi hufika kilomita ya 30 au ya 35 wakaishiwa ghafula. Miguu huwa mizito kama imefungwa mawe, akili hupotea, na aliyekuwa akiongoza huanza kutembea. Wakimbiaji husema amegonga ukuta. Si kwamba moyo wake umekosa ujasiri. Ghala imekwisha.

Kwa sababu hiyo wakimbiaji hula kabla ya mbio, na katika mbio zenyewe hunywa vinywaji vyenye sukari. Kiasi kinachoshauriwa kwa mbio ndefu ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na waliozoeza matumbo yao hufika hata 90. Eliud Kipchoge wa Kenya alipokimbia Berlin mwaka 2018 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 39, kulikuwa na mtu wa kujitolea aliyeendesha baiskeli kutoka kituo hadi kituo ili kumpa chupa yake mkononi. Tumeitafakari sana picha hiyo. Mkimbiaji hodari kuliko wote wa siku zile hakuona aibu kunyoosha mkono na kupokea.

Lakini tusiishie siku ya mashindano. Mwaka 2004 watafiti walichapisha habari za wakimbiaji 10 mashuhuri wa Kenya waliofuatwa kwa siku 7 wakiwa kambini, wakijiandaa kwa mashindano makubwa ya nchi yao. Kila walichokula kilipimwa. Waligundua nini mezani? Hapakuwa na dawa za siri wala vyakula vya kuagizwa ng'ambo. Palikuwa na ugali, wali, maziwa, mboga za majani, maharage, nyama kidogo, na chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga, na ugali peke yake ulitoa karibu robo. Walikula mara 5 kwa siku, na baada ya mazoezi hawakukawia kula. Kwa maneno mengine, walikula chakula ambacho kila mama wa Mwigobero anajua kukipika; tofauti ilikuwa kiasi, na saa.

Kwa wastani wakimbiaji hao walitumia takriban kilokalori 3,600 kwa siku. Ili mtupate vizuri, hiyo ni kama nishati iliyomo katika kilo nzima ya unga wa mahindi. Lakini walikula takriban 3,000 tu. Kulikuwa na upungufu wa kilokalori 600 hivi kila siku, na uzito wao ulishuka kidogo. Utafiti mwingine wa mwaka 2006, uliofanywa pia kwa wakimbiaji wa Kenya waliokaribia mashindano, ulikuta upungufu wa namna hiyo hiyo, ingawa mdogo zaidi.

Hapa msomaji anaweza kuruka na kusema: kumbe njaa ndiyo siri ya ushindi! Tunamsihi asiruke. Upungufu ule ulipimwa kwa siku chache, kabla ya mashindano, kwa watu waliokomaa, wenye walimu na mpishi, na wenye meza iliyoandaliwa mara 5. Wepesi kidogo siku ya mbio unaweza kumsaidia mkimbiaji. Ila upungufu huo huo ukigeuzwa kuwa maisha ya kila siku, mwezi baada ya mwezi, humla mwenyewe.

Mwili uliopungukiwa nishati kwa muda mrefu hufanya kama kaya ambayo kipato chake kimeanguka. Baba na mama hawaachi kununua unga. Huacha kwanza kuezeka paa, kisha kulipa ada, kisha kwenda hospitali. Kwa nje nyumba ingali imesimama. Vivyo hivyo mwili huendelea kukimbia, lakini huacha kujenga mifupa, hupunguza homoni za uzazi, hudhoofisha kinga dhidi ya magonjwa, na huchelewa kuponya majeraha. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko juu ya hali hii mwaka 2014, ikalirudia na kulipanua mwaka 2018 na mwaka 2023. Inawapata wanaume na wanawake. Kwa msichana dalili moja ni ya wazi: hukosa siku zake za mwezi. Wengi hudhani ni kawaida kwa mwanamichezo, na wengine hufurahi kwamba wamepunguziwa usumbufu. Si kawaida. Ni taarifa kwamba kaya imeacha kuezeka paa.

Tunayasema haya kwa uchungu, kwa sababu yametufikia nyumbani. Mama mmoja wa parokia yetu alikuja ofisini akiwa na binti yake wa miaka 17, mwanafunzi, mkimbiaji mwenye kipaji. Wote wawili wameturuhusu tuandike, mradi tusitaje majina. Binti alikuwa na ombi la kidini: alitaka baraka yetu ili afunge siku zote 40 za Kwaresima kwa mkate na maji, apate kibali cha Mungu katika mashindano yaliyokuwa mbele yake. Tulimwuliza siku yake ilivyo. Akaeleza kwamba huamka saa kumi na moja alfajiri, hukimbia njia ya Makoko, hunywa chai ya rangi, huenda shule, hukimbia tena jioni, ndipo hula ugali usiku, tena nusu, kwa kuwa aliambiwa kwamba mwepesi ndiye mshindi. Mama akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Baba, huyu mtoto ana miezi saba hajaona siku zake. Na usiku analia mguu."

Hatukutoa baraka ile. Tulimwambia binti yetu kwamba Mungu hauzi ushindi, wala hapokei mifupa ya watoto kuwa malipo. Tulimsihi aende na mama yake kwenye kituo cha afya. Huko alikutwa na ufa mdogo katika mfupa wa muundi, akapumzishwa mbio kwa majuma kadhaa na kupewa mpango wa kula: uji wa ulezi wenye maziwa asubuhi kabla hajatoka, chakula cha mchana bila kukosa, ndizi au viazi vitamu baada ya mazoezi, dagaa na mboga jioni, na ugali kamili. Alilia sana kwa kuyakosa mashindano. Machozi yake tunayaheshimu, maana kipaji ni kitu kitakatifu na kusubiri ni msalaba wa kweli. Mfupa unapona. Siku zake bado hazijarudi, nasi tunaendelea kumwombea na kumhimiza ale.

Tukiwa katika sala kwa ajili yake tulikumbuka binti mwingine, yule wa Yairo. Bwana wetu alipomfufua, watu wakiwa wameshikwa na mshangao mkubwa, hakuwapa hotuba juu ya muujiza. Aliagiza mtoto apewe chakula (Mk 5:43). Ndugu zangu, aliyeyashinda mauti hakuona kuwa kula ni jambo dogo. Aliyempa uhai alitaka uhai ule utunzwe kwa njia ya kawaida kabisa, kwa sahani na mkono wa mama.

Kanisa nalo ni mama. Sheria yake juu ya kufunga ina kipimo, na wengi wetu hatukijui. Kufunga kunawabana waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60 (kanuni 1252). Binti yetu wa miaka 17 hakuwa amebanwa hata kidogo. Siku zenyewe za lazima ni 2: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Tena katika siku hizo, kwa mujibu wa maagizo ya Papa Paulo VI ya mwaka 1966, mtu huruhusiwa mlo mmoja kamili, na chakula kidogo asubuhi na jioni. Wagonjwa hawabanwi, na mapokeo ya Kanisa yamewahurumia daima akina mama wajawazito, wanaonyonyesha, na wafanyao kazi nzito. Mwenye shaka na amwendee paroko wake, ambaye amepewa mamlaka ya kumwondolea mtu wajibu huo kwa sababu ya haki, au kuugeuza kuwa tendo jingine jema (kanuni 1245).

Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliuita mwili wake Ndugu Punda, akautendea kwa ukali mwingi. Lakini mapokeo yatuambia kwamba alipokaribia kufa aliuomba msamaha. Basi hata mtakatifu yule, bingwa wa kujinyima, alitambua kwamba punda naye ni ndugu, na kwamba mzigo haufiki vizuri kwa kumwua anayeubeba.

Je, tunasema Kwaresima isifungwe? Hasha! Mkimbiaji yule wa Kenya anatufundisha pande zote mbili. Upungufu wake una sababu, una kipimo, una mwanzo na una mwisho. Mfungo wa Kikristo ni hivyo hivyo: unafungwa kwa ajili ya Mungu na jirani, kwa kipimo, ukielekea Pasaka. Njaa isiyo na sababu, isiyo na kipimo wala mwisho, si mfungo. Ni ugonjwa, au ni umaskini, au ni dhuluma.

Na hapo ndipo tunaporudishwa mwaloni. Mkimbiaji alipopungukiwa kilokalori 600, wataalamu waliandika juu yake katika majarida. Ndugu yetu anayepandisha magunia tangu alfajiri, akala mara moja kwa siku, hakuna aliyempima. Mpiga kasia aliyekesha ziwani naye ni mkimbiaji wa mbio ndefu, ila hana kocha, hana mpishi, na mbio zake hazina utepe wa kumalizia. Mama anayetembea na beseni kichwani vilevile. Wao wamo katika upungufu mwaka mzima, bila kuuchagua. Kuwahubiria hao wajinyime zaidi, huku tukiwa tumeshiba, ni kuwa sauti ya yule mwenye mzigo.

Bwana wetu alipouona umati uliokaa naye siku tatu, alikataa kuwaaga na njaa, akihofu wasije wakazimia njiani. Tena alikumbuka kwamba baadhi yao walitoka mbali (Mk 8:2-3). Alihesabu siku walizokaa. Alihesabu umbali. Ndipo akauliza ipo mikate mingapi. Hiyo ndiyo hesabu ya mkimbiaji: kazi kiasi gani, safari kiasi gani, chakula kiasi gani. Kwa Yesu hesabu hiyo inaitwa huruma.

Kwa hiyo tunawaalika, wapendwa, tuingie Kwaresima hii kwa mambo matatu.

Kwanza, kila mmoja ajipime kwa ukweli mbele ya Mungu. Mwenye ziada apunguze, na apunguze hasa kile anachokipenda. Mwenye kazi nzito, mgonjwa, mjamzito na kijana anayekua wale vizuri, na wajinyime mahali pengine: katika ulimi, katika simu, katika hasira.

Pili, kile tulichojinyima kisibaki kabatini. Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kwa msaada wa WAWATA, zihesabu unga, maharage na dagaa waliookolewa na mfungo, na kuvifikisha kwa kaya ambazo sufuria halipandi jikoni mchana. Kilo moja ya unga, tumeona, ni nguvu ya mtu mfanyakazi kwa siku nzima. Tusidharau kilo moja.

Tatu, wazazi, walimu na wote wanaowafundisha vijana michezo, tuwaulize watoto wetu walikula nini kabla ya kuwauliza walikimbia muda gani. Mama amwulize binti yake bila aibu kuhusu siku zake, na baba asione kuwa hayamhusu. Akina VIWAWA, mkimwona mwenzenu anakimbia sana na kula kidogo, msimsifu kwa wepesi wake. Mgawieni muhogo wenu.

Tumalizie kwa nabii Eliya. Alikuwa amechoka hata akaomba kufa, akalala chini ya mti jangwani. Malaika wa Bwana hakumkemea kwa udhaifu wake, wala hakumwambia asali zaidi. Alimwekea mkate na maji, akamwamsha ale. Alipolala tena, akamwamsha mara ya pili ale tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kupita nguvu zake. Kwa nguvu ya chakula kile alitembea siku 40 hadi mlima wa Mungu (1Fal 19:4-8). Tazameni mpangilio wake: mezani kwanza, halafu siku 40.

Wazee wetu wa Kiswahili waliita pamba kile chakula ambacho msafiri hufungiwa kabla ya kuondoka. Kanisa nalo humpa mwanawe anayekaribia kufa Ekaristi Takatifu kama masurufu ya safari yake ya mwisho. Tangu ubatizo hadi kaburi, Mungu wetu hamtumi mtu njiani mikono mitupu. Basi nasi tusimtume mtu njiani hivyo, wala tusijitume wenyewe. Mzigo na ufike, naam. Na punda naye afike akiwa hai.

Tunawatakia maandalizi mema ya Kwaresima. Bikira Maria, aliyemlisha Mwana wa Mungu kwa mikono yake, atuombee.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.